Kumi na Nne Nukta Tatu

Luku iliganda Desemba, usiku wa mvua ya kwanza,
radi ilipopasua nguzo nyuma ya soko la Nkuhungu.
Asubuhi nikasoma: kumi na nne nukta tatu.
Jioni, baada ya pasi, jokofu na cherehani:
kumi na nne nukta tatu.
Nikaigonga kwa kiganja
kama mtoto aliyepaliwa.
Taa yake nyekundu ikapepesa, basi.

Bwana Chidawali, mwenye nyumba, alikuja na ndara zake,
akaitazama kama ng'ombe wa jirani.
"Wewe Roida! Wenzako wanalia uniti zimeisha,
wewe unalia haziishi?"
Akacheka mpaka akashika ukuta,
akaondoka na kodi yake ya miezi sita.

Basi nikashona.
Sare za shule tatu, shela mbili,
suti ya bwana harusi wa Hombolo mwenye bega moja chini.
Sitasema uongo: nilifurahi.
Nilinunua hita ya maji, mimi wa Mvumi,
niliyekulia maji ya magadi yasiyotoa povu,
nikaoga moto Julai
upepo ukitafuna bati.

Lakini mkono wa fundi umezoea futi.
Nguo usiyoipima itakubana mahali, hata ukiipewa bure.
Nikafungua daftari la vipimo vya wateja,
kule nyuma, kusiko na viuno wala vifua,
nikaandika: pasi, saa mbili. Cherehani, saa tisa.
Jokofu, mchana na usiku.
Mara mbili nikaenda shirika kutoa taarifa.
Mara mbili wakanipa namba kwenye kikaratasi:
fundi atakuja.

Oktoba nikapata chumba Ipagala.
Kirikuu kikasimama nje, dereva akipiga honi,
kitanda changu kimekwisha kupanda,
ndipo Bwana Chidawali alipojifunza kulia.
Akajaza mlango kwa mikono miwili.
"Na deni? Luku ile ina jina langu!"
"Na kicheko chako," nikamwambia,
"kilikuwa na jina la nani?"

Cherehani ikabaki ndani. Mimi nikaenda na daftari.

Dada wa dirishani akabofya, akabofya tena.
"Mama, mfumo unasema hudaiwi."
"Mfumo haukuwepo. Mimi nilikuwepo."
Akanitazama kama niliyeokota pochi
nikamlazimisha mwenyewe aipokee.
Akamwita mkubwa wake, mkubwa akaomba miwani.
Wakasoma pasi zangu, wakasoma jokofu langu,
wakafika ukurasa wa Mama Nyemo, nyonga arobaini na nane,
wakarudi nyuma kwa adabu.

Siku ya tatu fundi akapanda ngazi, akafungua luku.
Ndani, mjusi kafiri, mkavu kama ganda la karanga,
mkia umegusa palipoungua.
"Radi," akasema fundi. "Huyu alikuja kujificha tu."
Sijui kwa nini, nilimwonea huruma.

Laki tatu na elfu kumi na tisa.
Niliuza hita. Salio likagawanywa miezi minne.
Bwana Chidawali akatoa elfu sabini,
noti moja moja, kama anayeng'olewa meno,
akanifungulia mlango bila kunitazama.
Nilipobeba cherehani, akashika upande wa pili.
Hatukusemeshana mpaka kwenye gari.

Ipagala, usiku wa kwanza,
godoro bado limefungwa kamba,
niliingiza tarakimu ishirini, nikaketi sakafuni chini ya luku
na bakuli la mlenda mapajani.
Ishirini na nane nukta moja.
Nikangoja. Mbwa wakabweka, wakachoka.
Ishirini na nane.
Tonge likasimama njiani.
Ishirini na saba nukta tisa.

Nikazima taa.
Namba ikasimama, safari hii kwa sababu.