Ganda la Yai

Temirlan, miaka kumi na saba, paja la kushoto.
Uvimbe mgumu kama nundu ya mti,
una joto ukiugusa. Siku ya kumi na sita.
Mama yake, Gülzat, amemleta kutoka At-Bashy,
picha zimo ndani ya mfuko wa unga.

Ya kwanza, eksirei: ukungu tu juu ya msuli.
Ya pili, ya sumaku, waliyopigia Bishkek:
paja zima linawaka kama kijiji usiku wa moto,
na pembeni mtu ameandika neno moja kwa kalamu
lililomnyima mama usingizi milima yote.

Osmonov, mpasuaji wetu, anataka kipande.
Kipande kitasema uongo, namwambia.
Msuli uliopondwa, wiki zake za mwanzo,
chembe zake hukimbizana kama wenye wazimu.
Zikamate sasa, uziweke chini ya hadubini,
zitakiri kosa zisilolitenda.

Namuuliza kijana: ulipigwa na nini?
Anatazama viatu. Mama anajibu: hakupigwa.
Namtuma mama akatutafutie chai.
"Farasi," ananong'ona. "Wa mjomba.
Nilikatazwa kumpanda."

Upo mfupa unaoota pasipo mfupa.
Ukianzia kati, ukatawanyika nje,
huo nauogopa.
Ukianzia ukingoni, ukajenga boma,
na ndani pakabaki laini,
huo ni mwili unaozungushia jeraha ua.
Ila leo hakuna cha kati wala cha ukingo.
Rudini baada ya wiki tatu.

Mwaka juzi pia nilisema wiki tatu.
Msichana wa Kochkor, goti.
Sitaendelea.

Theluji imefunga njia; wamechelewa siku nne.
Siku hizo nne nimekula nimesimama.
Kijana analala juu ya meza, miale inapita,
na kioo kinafunguka polepole, kwa mistari:
duara jeupe, jembamba, limekamilika kote,
ganda la yai limelala ndani ya nyama,
na kati ya ganda na mfupa wa paja
uzi wa giza. Hawajashikana.

Nalihesabu duara kwa kidole, mara mbili.
Kisha namwita mama, namwonyesha ua.
"Hili litakauka lenyewe. Usikandwe. Usikatwe."
Analia kidogo, anajifuta kwa mfuko wa unga,
uso unabaki mweupe.
"Limetoka wapi?"

Namtazama Temirlan.
Temirlan anatazama viatu.