Jogoo wa Ubeti wa Pili

Kibuye, Jumapili, juu ya gunia lililopasuliwa,
Wabwile kamwaga matumbo ya kompyuta
za ofisi iliyofilisika.
Nikaokota kadi ya sauti, imevaa vumbi.
Mia nne. Akashuka hadi mia mbili na hamsini,
akanitupia na waya bila kuombwa.

Awino akacheka: "Kibati hicho ndicho kitaimba?"

Nikafungua kasha sebuleni, Migosi,
nikaipachika mbali na feni inayokoroma,
nikaiunga na amplifaya ya marehemu baba,
ile ambayo kitufe chake cha besi
ni kifuniko cha soda.

Kwanza kimya.
Si kile cha zamani chenye nyuki ndani.
Kimya kilichofagiliwa.

Kisha gita. Nilidhani ninalijua.
Kumbe lina kucha, lina kidole kinachoteleza kwenye uzi,
lina mtu anayevuta pumzi kabla ya kuitikia.
Miaka thelathini wimbo huu umekaa kwetu
kama mgeni aliyejifunika blanketi usoni.

Na katika ubeti wa pili, nyuma ya ngoma, mbali,
jogoo.
Nani aliacha dirisha wazi siku ile ya kurekodi?

"Rudisha," Awino akasema, mwiko mkononi.
Nikarudisha. Akawika tena, palepale.

Uani, jogoo wetu,
aliyekwisha kupangiwa mchuzi wa jioni,
akamjibu.

Tulikula sukuma.