Ubao

Jina lile nililitoa mimi.
Pasi ilimgonga gotini, ikarudi mita kumi,
ikamfuata adui kama mbwa aliyemwona bwana wake,
nikasema: ule si mguu, ni ubao.
Uwanja mzima wa Kitangari ukacheka.
Hata mama yake, na sinia lake la ming'oko,
alicheka, kisha akanyamaza.

Misimu mitatu. Mfaume Chipojola, winga wa kulia,
mbio anazo, na kila mpira unaomfikia
unamkimbia.
Nilimzungusha uwanja hadi akatapika.
Nilimwambia, tuliza! Tuliza, wewe!
Sikuwahi kumwambia mpira unatulizwaje.
Sikujua. Enzi zangu nilikuwa beki,
kazi yangu kubutua.

Mwezi wa tisa kamati ikanipa soda na asante.
Akaletwa Edita Namalenga kutoka Masasi,
mwalimu wa netiboli, tena ana kigugumizi.
Nikasema moyoni: haya.
Nikaenda ghalani kupima korosho za watu.
Mizani haizomei.
Ila dirisha la ghala linatazama uwanja.

Wiki nzima hakumruhusu kugusa mpira kwa mguu.
Alikuja na ndoo ya mabibo, yameiva hadi yanalegea,
akasimama hatua sita, akamrushia.
La kwanza likapasuka. La pili. La tano.
Fulana ikajaa madoa yale yasiyosikia sabuni,
nzi wakamzoea.
"U-usilipige kofi," akamwambia. "Rudi nalo nyuma kidogo,
kama u-unampokea mgeni mzigo
na mkono wake bado haujaachia."

La thelathini na ngapi sijui, likakaa.
Zima. Akabaki nalo kiganjani,
hajui aliweke wapi.
Akalila.

Ghalani tukabishana, magunia yakisubiri.
Nalinga akasema korosho iliyoharibika
haipandi daraja kwa kuhamishwa ghala.
Chitanda akamjibu: salfa hupuliziwa mti,
nani aliwahi kuipulizia korosho gunia?
Wakanigeukia, mimi niliyemlea miaka mitatu.
Nikajifanya nasoma mizani.

Jumamosi tulicheza na Tandahimba.
Tulicheza, nasema; ulimi haujazoea kusema walicheza.
Dakika ya sitini mpira mrefu ukatoka kushoto,
juu, upepo wa uwanda ukiuyumbisha,
na chini yake yupo yeye, peke yake.
Nikasimama. Kinywa kikafunguka chenyewe,
lile jina likiwa tayari kwenye ncha ya ulimi.

Ndipo nikaona kitu ambacho nikiwa benchi
nisingeweza kukiona, kwa kuwa kilinielekea mimi.
Mpira ukiwa bado hewani, Mfaume hakuutazama.
Alitazama benchi.
Nusu ya sekunde, shingo ikijikunja
kama ya mtoto anayesikia mkanda ukifunguliwa.

Benchi, Edita alikuwa ameinama
anafunga kamba ya kiatu.

Basi jicho likakosa pa kwenda, likarudi juu.
Mguu ukanyanyuka, ukarudi nyuma nao, kidogo,
na mpira ukashuka ukatua.
Si kwa kunata. Ulidunda urefu wa bibo moja.
Lakini ulikuwa wake.

Krosi yake ikaishia shambani kwenye mihogo.
Pasi iliyofuata ikamgonga gotini, pale pale.
Tukafungwa moja bila.
Kwa hiyo msiniulize kama mtu hubadilika;
nina dunda moja tu la ushahidi,
na jina nililolimeza,
mpaka sasa limenikaa kooni kama mwiba wa samaki.

Nikitoka nilipita kwa mama yake.
Ming'oko ya mia tano, nikampa elfu.
Nikamwambia, leo ameutuliza mmoja.
Akanihesabia chenji sarafu kwa sarafu,
akaifunika sinia,
akasema, "Anaitwa Mfaume."