Kisigino

Msafara huanza saa tatu kamili, yaani saa nne,
Shaibu mbele, kitambulisho kifuani,
na fimbo ya kuonyeshea vitu ambavyo havipo:
hapa palikuwa na soko la mpira wa porini,
hapa Mjerumani alijenga, hapa akahama,
hapa mama zetu waliteremka bondeni usiku wa manane
kufuata maji, wakarudi jua limesimama.
Wageni wanaandika.
Katika maji hayo mimi nilikuwa na miaka tisa,
na debe lilinichuna utosi.

Sasa mimi ni kituo cha tano: mama muuza ming'oko.
Nasimama, namenya mmoja, nautafuna mbele yao
wajue hauui.
Unapandwa? huuliza mwenye kofia.
Haupandwi. Huchimbwa na anayejua pa kuchimba.
Shaibu anatafsiri kwa maneno mengi kuliko yangu.
Simlaumu. Nilimfundisha kuhesabu kwa korosho,
tangu hapo anapenda kuzidisha.

Kituo cha sita, vijana wamelifufua lipiko.
Miaka kumi na saba lililala darini kwa marehemu Nanjota,
mchwa wakala sikio moja,
nywele zilizogandishwa kwa nta zikanyonyoka nusu.
Wakalipaka upya, wakashona njuga,
wakamtafuta wa kuwafunza mapigo,
wakampata Masasi, hospitali,
wakamrekodi akigonga ukingo wa kitanda kwa vidole.
Ndivyo wanavyopiga likuti hadi leo,
pamoja na pale alipokohoa.

Enzi zetu lipiko halikuwa mtu.
Lilikuwa mzimu uliotoka makaburini
kuja kuwatazama wana waliorudi kutoka jandoni.
Wanawake tulikimbia, tukapiga yowe,
nami nilikimbia
nikiwa nimeshaona:
chini ya vitambaa, kati ya njuga na vumbi,
kisigino cha kushoto, kimepasuka
kama Ruvuma wakati wa kiangazi,
kisigino nilichokipaka mafuta ya nyonyo usiku uliotangulia,
baba akisema, taratibu mwanangu, hapo panauma.
Nilipiga yowe kuliko wote.
Jioni akaniuliza, nasikia leo mlitishika?
Sana, baba.
Akala ugali wake kwa furaha.
Mama alikuwa anapepeta, hakuinua uso,
na mpaka anazikwa hatukuulizana.

Siku hizi Shaibu huwapanga wageni kwenye madawati ya shule
na kabla ngoma haijakolea hutangaza:
aliye ndani ni Mfaume, fundi pikipiki,
baba wa watoto wawili, atavua baadaye
mpige naye picha.
Na kweli huvua. Huomba maji. Makofi.

Sikugombana na mtu. Viingilio vimeezeka darasa la pili,
na ngoma isiyopigwa ni gogo tu.
Lakini Jumamosi iliyopita
lilipochomoza kwenye mikorosho,
mjukuu wangu Somoe akaninong'oneza:
Bibi, si Mfaume huyo? Namjua kwa ule ukucha mweusi.
Nikamziba mdomo.
Kimbia, nikamwambia.
Nikaliacha beseni, nikajifunga kibwebwe,
nikapiga yowe
ambalo koo langu lilidhani limeshalisahau.
Wageni wakageuza kamera.
Shaibu akapekua karatasi zake, yowe hakulikuta.
Lipiko likasita.
Nadhani humo ndani ya mti Mfaume aliogopa
kidogo,
kiasi cha kutosha,
kisha likatufukuza hadi nyuma ya ghala
kwa hatua ambazo hakufundishwa na mtu.

Magharibi alipita kununua ming'oko ya mia tano.
Nikamuuliza, leo ulishinda gereji?
Akanitazama. Akatazama miguu yake.
Kutwa nzima, bibi, akasema.
Nikamwongezea miwili.