Daftari la Maziwa

Nina ukuta mmoja tu wa kuringia, sebuleni Nkuhungu.
Kila fremu nimeikaza kwa misumari miwili,
maana upepo wa Septemba hapa Dodoma hauna adabu.
Kuna hati ya shukrani ya mwaka sabini na tisa,
sahihi ya waziri imevuka mstari
kama lori lililokatika breki.
Kuna kibali cha petroli, lita ishirini,
kilichosainiwa usiku ule redio iliposema vita:
wino umetetemeka, au ni mkono, sijui.
Kuna kadi ya Krismasi ya kamanda aliyegeuka mbunge,
niliipata kwa majogoo wawili na pasi ya mkaa.

Eunike hupangusa vioo kila Jumamosi,
na kila Jumamosi huuliza:
"Hawa watu wako, walikuandikia wewe?"

Miaka thelathini nilikuwa masjala.
Majina makubwa yalipita mezani pangu
yakienda kuamua nani apelekwe wapi.
Kazi yangu ilikuwa kutoboa matundu
na kufunga uzi.

Ndipo nikasikia habari za daftari la Kongwa.

Basi la alfajiri, kushuka Mbande, bodaboda, vumbi mpaka kwenye meno.
Damari Chilewa alikuwa akipepeta uwele.
"Mbukwenyi," nikasema.
"Mbukwa," akajibu, ungo haukusimama.
Miaka ile kambi ilipojaa vijana wa kusini,
waliokuja kujifunza bunduki ili warudi kwao,
yeye alikuwa na miaka kumi na sita
na ng'ombe watatu wa mama yake.
Aliwapelekea maziwa getini.
Wengine walilipa.
Wengine waliandika.

Jalada limeliwa na mchwa. Kurasa zanuka samli.
Ukurasa wa tisa nikakalia kigoda bila kukaribishwa.
Jina lile! Lile ambalo huko kwao
limepewa barabara, shule na sikukuu,
hapa ni mwandiko wa kijana mwenye njaa:
lita saba, nitalipa mwisho wa mwezi,
na sahihi yenye mkia uliojikunja
kama nge.

"Laki tano," nikasema.
Ungo.
"Milioni."
Nikaiona pensheni yangu ikiondoka,
nikamwona Eunike na kitambaa chake.

"Hili ni deni," akasema. "Deni haliuzwi, baba. Hulipwa.
Lita saba. Leo lita ni elfu moja na mia tano.
Unamlipia?"
Nikamwambia bei ya wakati ule ilikuwa senti.
"Ng'ombe hajui kwamba shilingi imeshuka."

Nikacheka. Yeye hakucheka.
Nikatoa elfu kumi, nikapekua mifuko yote
nikitafuta mia tano.
Akahesabu mara mbili, akafunga kwenye pindo la khanga,
akachomoa kalamu kwenye kilemba.
Nilidhani ananiandikia risiti.

Akapiga mstari juu ya jina.
Mmoja, kisha wa pili ukiukata wa kwanza,
akikandamiza kama mtu anayekaza kamba ya mzigo,
mpaka karatasi ikatoboka pale penye mkia.

Nilipiga kelele, nadhani. Kuku walikimbia.

"Amelipa," akasema. "Wamebaki kumi na wanne."

Eunike alinikuta usiku nimesimama mbele ya ukuta,
nyundo mkononi, msumari hauna cha kubeba.
"Umempata?"
"Nimemlipia maziwa."
Alinitazama kwa muda, kisha akaenda kunipashia mlenda.

Pensheni inaingia tarehe ishirini na tano.
Ukurasa wa kumi na moja kuna mtu wa lita mbili,
jina ambalo sijapata kulisikia popote,
si barabarani, si redioni, si kwenye jalada lolote nililolifunga uzi.
Labda hakurudi kwao. Labda alirudi akafuga mbuzi.
Ana mwandiko mzuri kuliko wote,
na chini yake ameandika, kwa Kiswahili cha kujifunza:
*asante mama, maziwa ni ya moto.*