Visiki Vitatu

Kila Jumamosi Ndahani hushuka Kigwe
na kilo mbili za nyama kutoka mjini,
na mama husema, "Mungu akuzidishie,"
huchukua mnofu mmoja, huuzungusha kinywani
kama mtu anayetafuta neno lililompotea,
kisha hujifuta midomo kwa pindo la khanga.
"Nimeshiba. Mpeni Sechelela."

Tulisema: uzee.
Tulisema: kiangazi cha mwaka huu kirefu.
Khanga iliyomzunguka mara moja na nusu
ikamzunguka mara mbili, na pindo likabaki,
nasi tukasema tena: uzee.

Sisimizi ndio walionieleza.
Walipita mlangoni mstari mmoja hadi mvunguni,
na mvunguni palikuwa na kopo la maziwa ya unga,
na ndani ya kopo, minofu ya Jumamosi nne,
imefyonzwa, imekauka kama ngozi ya ngoma.
Hakuna hata mmoja uliomezwa.

Zahanati walishampima presha,
wakammulika macho, wakamgonga magoti.
Kadi imejaa mihuri ya miaka mitatu
na hakuna aliyewahi kumwambia, "Mama, fungua mdomo."
Wala mimi,
niliyefundishwa naye kusugua meno kwa kijiti na chumvi.

Mvumi, tabibu wa meno, kijana wa viganja baridi,
alimwinamia, akanyamaza.
Visiki vitatu vyeusi, na fizi zimewaka.
"Tangu lini unameza bila kutafuna?"
"Tangu ule mwaka wa njaa," mama akajibu,
"ila mwaka ule sikuwa peke yangu."

Ndahani akauza alizeti.
Meno yakaja kwenye kiboksi, meupe kuliko ya bibi harusi.
Shangazi akacheka: jino la pembe si dawa ya pengo.
Mama huyavaa kanisani, na pale picha inapopigwa.
Nyumbani hushinda ndani ya kikombe cha bati,
yakiyachekea maji.

Mimi nimerudi kwenye kinu.
Karanga mpaka zitoe mafuta,
dagaa mpaka wawe vumbi,
vyote ndani ya mlenda. Yai. Papai. Maziwa ya mgando.
Ugali wa uwele, laini, wa kuteleza.
Siku ya kwanza aliusukuma bakuli mbali:
"Mimi si mtoto wa kuachishwa ziwa."
Usiku, taa ilipozimwa,
nikasikia kijiko.

Kilo tatu zimerudi. Sitaki kusema zaidi ya hapo,
kilo nazo zina masikio.

Jana hindi la kwanza lilichomwa uani.
Alilipokea kwa mikono miwili, la moto vile vile,
akalinusa kote, punje kwa punje,
akanirudishia.
"Sogea hapa karibu," akasema.
"Tafuna, nisikie."