Skrubu Moja Imebaki

Kofia kumi na moja.
Hiyo ndiyo bei ya kadi ya picha,
mie sihesabu kwa shilingi.
Shilingi hupanda, hushuka; kofia ni kofia:
siku ishirini, sindano nyembamba,
vitobo mia sita vya kuzungushia uzi
mpaka macho yajae mchanga.

Prosesa, kofia nne.
Ubao mama, tatu na upande,
upande wenyewe nilimalizia kwa pesa ya sikukuu.
Kasha nilipewa bure na Mwalimu Shaame,
la kompyuta ya skuli iliyokufa
mie hata darasa la kwanza sijaingia.
Ndani mlikuwa na mijusi wawili waliokauka,
mume na mke, nadhani,
wamelala ubavu kwa ubavu.
Niliwazika nyuma ya fleti, hapa Mtemani,
kasha nikaliosha kwa sabuni ya unga.

Faki wa simu, pale karibu na soko la Wete,
alinambia: "Nunua iliyokwisha fungwa, dada,
utaumia kichwa bure."
Nikamwuliza: "Na hiyo kofia uliyovaa,
umeikuta imefungwa?"
Akaishika kichwani. Anajua nani kaishona.

Miezi kumi na minne
vipande vimekuja kimoja kimoja kwa boti kutoka Unguja,
ndani ya mkoba wa shangazi Bikombo:
ram kwenye kopo la maziwa,
pawa saplai imeviringwa taulo
kama mtoto aliyetoka kuoga.
Na kila usiku naiogopa chumvi.
Kwetu hewa ina meno. Imekula bawaba,
imekula redio ya baba,
imekula namba ya mlango wetu, imebaki saba bila mkia.
Nikavipanga vyote ndani ya pipa la mchele,
mama akafunua, akauliza leo tunapika nini.

Ijumaa, watu wametoka msikitini,
nikafagia chumba, nikavua bangili,
nikagusa nondo ya dirisha
ili umeme wa mwilini utoke uende zake.
Prosesa haitaki nguvu.
Ina kipembe cha dhahabu, na kwenye ubao
kipembe mwenzake kinamngoja;
wakutanishe tu, uachie, ishuke yenyewe.
Mkono wangu ulikuwa unalijua jambo hili
kabla mie sijalijua.
Gundi ya kupoza, kiasi cha choroko moja.
Ram sukuma mpaka iseme *ta*.
Kisha vile vijiwaya vya mbele, maandishi yake
madogo kuliko chawa; hapo nilicheka,
hapo ni nyumbani.

Saa kumi nikabonyeza.

Kimya.

Kimya cha kofia kumi na moja, na nne,
na tatu na upande.
Mama alikuwa mlangoni. Hakusema lolote
ila kwamba chai ipo.

Ukikosea safu ya kofia, hulii.
Unafumua.
Nikafumua: kadi nje, waya nje, feni nje,
mpaka nikaikuta ram ya pili,
sikio moja limefunga, la pili li wazi,
kama mtu anayesikiliza nusu ya maneno.

*Ta.*

Feni zikazunguka. Mdogo wangu Khatibu
akaninyang'anya kiti, akatia gari motoni
akaenda kuligonga jabali la theluji, akarudi,
akaligonga tena.
Mama akasogea, kikombe mkononi.
"Hapo ni wapi?"
"Si popote, mama. Pametengenezwa na watu."
Akapatazama muda mrefu, zile chembe
zikianguka moja moja juu ya mlima.
"Wamepashona vizuri," akasema.

Skrubu moja imebaki.
Nimetazama kila tundu, limejaa.
Si ya kasha, si ya feni, si ya ubao.
Labda ilikuwa ya wale mijusi.
Nimeitia kwenye kopo la sindano,
na huko chini ya ngazi mita ya Tukuza inalia,
nayo inataka kofia yake.